Graduate, Skilled Worker au arudi kwanza Moshi? Mdogo wangu anamaliza masomo Uingereza

Mama_Pasua
Habari za jioni wanajamvi. Mdogo wangu anamaliza masta ya uhandisi wa ujenzi Sheffield mwezi wa tisa. Kampuni moja ya Leeds, alikokuwa akifanya zile saa 20 kwa wiki za wanafunzi, inataka kumwajiri kwa pauni 34,000 kwa mwaka. Njia ni tatu: achukue viza ya Graduate (ya wahitimu) miaka miwili, aingie moja kwa moja Skilled Worker (viza ya kazi inayodhaminiwa na mwajiri) kwa kampuni hiyo, au arudi nyumbani apumzike halafu aombee huku. Mama anashabikia ya tatu, anataka amwone Krismasi. Ada yake ilitoka mkopo wa SACCOS na marejesho bado yanaendelea, kwa hiyo nipeni ukweli mtupu.

Sakina_Boy
Dada, Graduate bila kufikiria. Hahitaji mdhamini, na akigombana na bosi leo, kesho yuko kwingine. Skilled Worker umefungwa kwa mwajiri mmoja. Akikuacha, kwa kawaida una siku 60 upate mwingine au ufungashe. Ila aombe akiwa hukohuko, chuo kikisharipoti kwamba amefaulu na viza ya masomo ikiwa bado hai. Na asivuke mwaka 2026, maana kuanzia 1 Januari 2027 wenye shahada ya kwanza na masta wanapewa miezi 18 tu.

Hesabu_Ngaramtoni
Sakina umesema kweli, lakini nusu. Miaka ya Graduate haihesabiwi kwenye ile mitano ya kuombea ukaazi wa kudumu (na mitano yenyewe, tangu Mei 2025 serikali yao inasema inataka iwe kumi).

Dada, tazama mshahara. Tangu 22 Julai 2025 kiwango cha chini cha kawaida cha mshahara wa Skilled Worker ni pauni 41,700 kwa mwaka. Mhitimu ana punguzo, anaruhusiwa kuanzia 33,400, mradi afikishe pia asilimia 70 ya mshahara uliopangwa kwa kazi yenyewe. Hiyo 34,000 inasimama kwa sababu ya punguzo tu. Na punguzo ni miaka minne jumla, muda wa Graduate ukiwa humo ndani. Akitumia miwili kwenye Graduate, imebaki miwili. Baada ya hapo bosi ampandishe hadi kiwango kamili, la sivyo waagane. Mabosi wangapi wataongeza hela namna hiyo kwa miaka miwili?

Halafu kuna kete ambayo vijana wengi hawaijui. Mwajiri akimchukua mtu aliye kwenye viza ya masomo, anasamehewa tozo ya serikali ya kuajiri mgeni. Akimchukua aliye kwenye Graduate, analipa. Mdogo wako aitaje hiyo mezani mapema.

Sakina_Boy
Hiyo ya tozo ni mpya kwangu, asante. Lakini mfuko je? Malipo ya afya anayotozwa mwombaji viza ni pauni 1,035 kwa mwaka, na wanataka yote kwa mkupuo. Graduate ya miaka miwili ni 2,070. Skilled Worker ya miaka mitatu ni 3,105, ada ya viza hujaigusa. Kampuni nyingine zinabeba, nyingine zinakuachia mwenyewe. Aulize kabla ya kusaini.

Dada_UsaRiver
Naongezea jambo moja kwa wanaosoma kimyakimya. Binamu yangu aliombwa milioni 12 na wakala mmoja hapa mjini Arusha eti "ya kununua cheti cha udhamini", kile ambacho mwajiri humpa mfanyakazi ili aombee Skilled Worker. Ada ya cheti hicho ni ya mwajiri, na tangu 31 Desemba 2024 haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi. Anayewauzia kazi ya kulea wazee kutokea huku ndiyo kabisa, mlango huo ulifungwa Julai 2025. Orodha ya waajiri wenye leseni iko kwenye tovuti ya serikali yao, bure.

Mzee_Kibosho
Wanangu, kwani lazima wote mkae huko? Mhandisi akirudi, TCU (tume ya vyuo vikuu) wakaitambua shahada yake, akajisajili ERB (bodi ya wahandisi), kazi zipo.

Hesabu_Ngaramtoni
Shikamoo mzee. Zipo, ila marejesho ya SACCOS kwa mshahara wa kuanzia wa hapa yatamtesa, tusidanganyane. Na akirudi, Graduate imekufa, haiombwi kutoka nje. Skilled Worker anaweza kuomba akiwa huku, na punguzo linamfuata kama viza ya masomo haijapitisha miaka miwili tangu iishe. Lakini hapo ni safari ya Dar kwa alama za vidole, kipimo cha kifua kikuu, na bosi wa Leeds akisubiri. Wachache husubiri.

Na hiyo Krismasi muiangalie sana. Ombi likiwa bado halijajibiwa akapanda ndege kuja Moshi, linahesabika ameliondoa mwenyewe. Kila Desemba Wachagga tunapanda mlima, sawa, lakini mwaka huu mama ampigie video.

Mama_Pasua
Shikamoo mzee, asanteni wote. Nimempigia sasa hivi. Anaegemea Skilled Worker. Kampuni ina leseni, nimeiona kwenye orodha. Ila barua ya ajira imeandikwa "msaidizi wa eneo la ujenzi".

Hesabu_Ngaramtoni
Simamisha hapo! Tangu Julai 2025 kazi inayodhaminiwa lazima iwe ya ngazi ya shahada, ukitoa chache zilizo kwenye orodha maalumu. Usaidizi wa saiti haufiki. Na wasibadilishe jina tu, maana maofisa wanatazama majukumu. Kama kweli atapiga hesabu za misingi na kukagua michoro, hayo yaandikwe, na msimbo wa kazi (namba ya aina ya kazi kwenye udhamini) uwe wa mhandisi. Kama atabeba vipimo tu, basi achukue Graduate atafute kazi ya kihandisi, hata mimi namuunga mkono Sakina.

Mama_Pasua
Anasema michoro anakagua tangu Februari, ila hakuna mahali pameandikwa. Nimemtumia ujumbe wako wote. Kesho saa nne asubuhi ya kwao anaonana na mtu wa rasilimali watu.