MREJESHO: Sarafu za fedha kwenye ndoo ya chuma chakavu, Kibuye

Wadau, asanteni sana. Niliwauliza nitajuaje shilingi zipi za Afrika Mashariki, zile za enzi ya ukoloni, zina madini ya fedha (silva) ndani, kwa kuwa mzee mmoja soko la Kibuye, Kisumu, ana ndoo iliyojaa na zote anauza bei moja.

Aliyeniambia nianze na mwaka, Mungu akubariki. Za 1937 hadi 1946 zina robo fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu. Nilimwaga ndoo juu ya gunia, nikapata kadhaa, moja ya 1945 yenye herufi SA, alama ya kiwanda cha sarafu cha Pretoria, Afrika Kusini. Chini kabisa palikuwa na rupia ya India ya 1918, ya Mfalme George wa Tano! Ile ni fedha karibu asilimia 92. Sonara aliipima, gramu 11.6, sawa kabisa na mlivyosema.

Sumaku haikunisaidia kwenye shilingi, maana hata za nikeli na shaba hazivutwi. Ilinisaidia kwa sarafu moja kubwa ya Maria Theresa, ile ya fedha ya Austria, iliyokuwa ndooni: ilinaswa papo hapo, na fedha halisi hainaswi. Bandia, nikairudisha.

Kuuza bado. Sonara anataka rupia peke yake, tena kwa bei ya kuyeyusha, yaani thamani ya madini tu, na hiyo siwezi kuikubali. Shilingi hazitaki kabisa. Natafuta mkusanyaji, na sijazisugua hata kidogo, maana mlinionya kwamba kusugua hushusha thamani. Nikimpata nitawaambia.