Tupeane uzoefu: siku ulipoisikiliza "From Zero" ya Linkin Park kwa mara ya kwanza

Mwisho wa Reli

Ndugu zangu, juzi jioni nilipeleka simu kwa fundi pale Mwanga ibadilishwe kioo, na fundi, akitaka kujaribu spika ya simu ya mteja mwingine, akafungua wimbo ambao niliutambua kabla gitaa halijamaliza mzunguko wa kwanza. Nilisimama pale mpaka ukaisha, ingawa nilikuwa nimeshalipa na simu yangu iko mkononi. Ndipo nikakumbuka jinsi nilivyoikataa albamu hii ya Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, kwa wiki kumi nzima kabla haijatoka.

Mimi ni wa kizazi cha kanda. "Hybrid Theory", albamu yao ya kwanza, ilitoka Oktoba 2000, na hapa Kigoma mimi niliipata baadaye sana, ikiwa imehamishwa kutoka kwenye CD hadi kwenye kanda ya dakika 60, upande wa pili ukiwa umejazwa muziki wa Kikongo kutoka ng'ambo ya ziwa. Chester Bennington, mwimbaji wao, alipofariki tarehe 20 Julai 2017, akiwa na umri wa miaka 41, niliifungia kanda ile kwenye sanduku la nguo. Kwa hiyo bendi ilipomtangaza Emily Armstrong kuwa mwimbaji mpya, tarehe 5 Septemba 2024, nilisema mbele ya watu kwamba sitasikiliza hata wimbo mmoja.

Albamu ikatoka Ijumaa, tarehe 15 Novemba. Saa 12 asubuhi nilikuwa nimeshanunua bando. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, ziwa likiwa bado na rangi ya majivu na mitumbwi ya dagaa ikirudi Kibirizi, nikasikiliza nyimbo zote 11 bila kunyanyuka. Chai niliyojimiminia wakati wa utangulizi, pale sauti ya mwanamke inapouliza maana ya jina la albamu, niliikuta imeota ngozi juu. Sikulia, lakini nilishindwa kusema na mke wangu mpaka karibu saa mbili.

Nawaomba kila mmoja aeleze alikuwa wapi, alisikia nini, na kama alikubali au alikataa.

Binti Gungu

Kaka, yangu ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba mimi nililia.

Mwalimu wa Kasulu

Nitasema ninachoamini, ingawa najua wapo watakaoudhika. Niliisikiliza Ijumaa hiyohiyo baada ya vipindi, nikiwa peke yangu ofisini na madaftari ya kidato cha tatu mbele yangu, na nilipofika mwisho nilitazama saa nikadhani simu imeruka baadhi ya nyimbo. Dakika 32 tu! Tumesubiri tangu "One More Light", albamu ya mwisho ya Chester, ya Mei 2017, miaka saba na nusu, halafu tunapewa albamu ambayo mtu anaweza kuimaliza akitembea kutoka stendi hadi nyumbani.

La pili ni zito zaidi. Nyimbo nyingi humo zimetengenezwa ili kututuliza sisi wa zamani. "Two Faced" ukiuweka katikati ya nyimbo za mwaka 2003 hautaonekana mgeni, na hilo wengine wanaliita sifa, lakini mimi naliona kuwa ni woga, kwa sababu bendi hii ilinifundisha kutotulia mahali pamoja. Waliponisisimua kweli ni kwenye "Casualty", ambapo Mike Shinoda, rapa wa bendi, mwenyewe anapiga kelele kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia akifanya, na kwenye "Overflow", ambao unakwenda taratibu kama maji yanayopanda ndani ya nyumba. Wangefuata njia hiyo kwa albamu nzima, ningewavulia kofia.

Na jina la bendi wangelibadilisha. Kwangu mimi matanga hayajaanuliwa.

Fundi Spika

Mwalimu, kwa heshima zote, naomba nikujibu hoja moja baada ya nyingine. "Hybrid Theory" yenyewe, ambayo sote tunaiapia, haifiki dakika 38. "Meteora", ya pili yake, haifiki dakika 37. Hawa watu hawakutoa albamu ndefu walipokuwa bora kabisa, kwa hiyo tusiwashtaki kwa kipimo ambacho hatukukitumia zamani.

Kuhusu jina, kumbuka kwamba kundi hili lilianza mwaka 1996 likiitwa Xero, na aliyekuwa akiimba alikuwa Mark Wakefield. Alipoondoka ndipo Chester akatafutwa, akatoka Arizona mwaka 1999 kuja kuungana na watu ambao tayari walikuwa na nyimbo zao na mazoea yao. Jina la albamu hii linarudi kwenye Xero ileile. Chester naye aliwahi kuwa mgeni kwenye nafasi ya mtu mwingine, na wapo waliompokea. Na matanga huanuliwa, Mwalimu. Walifanya onyesho la kumuaga pale Hollywood Bowl Oktoba 2017, kisha wakakaa kimya jukwaani karibu miaka saba. Kwetu hata mjane haulizwi tena baada ya muda huo.

Mwalimu wa Kasulu

Mjane haulizwi, lakini mume mpya hapewi nguo za marehemu avae mbele ya watoto. Emily anapoimba "Numb", wimbo wa Chester, jukwaani ndicho kinachotokea, na hapo ndipo ninapoumia. Albamu mpya aimbe, ana haki.

Kijana wa Mwandiga

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 19, na niliijua bendi hii mwaka huohuo wa 2024 kupitia "Heavy Is the Crown", uliotumika kwenye mashindano ya dunia ya mchezo wa kompyuta wa League of Legends. Kwangu mimi sauti ya Linkin Park ni ya Emily. Nilirudi nyuma kumsikiliza Chester baadaye, nikampenda, lakini nilimpokea kama mtu anavyosimuliwa habari za babu yake.

Mwalimu wa Kasulu

Marahaba, mwanangu. Basi usitoe hukumu kabla hujaisikiliza "Meteora" yote, kwa utaratibu wake, bila kurukaruka.

Kijana wa Mwandiga

Sikutoa hukumu, Mwalimu. Nilieleza nilivyosikia, kama tulivyoombwa.

Binti Gungu

Kijana yuko sahihi, aachwe. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha bendi hii, na naye alikuwa na tabia ya kutuuliza maswali ya mtihani kabla hajaturuhusu kushika redio.

Mjukuu wa Ujiji

Nimesoma jina la wimbo aliotaja kijana nikaona afadhali nieleze, kwa sababu mtaani kwetu wapo ambao hadi leo hawajui hasa kilichotokea usiku ule.

Naishi na bibi yangu Ujiji. Wiki ile albamu ilipotoka bibi alikuwa hoi kwa homa, siku ya tano hajainuka kitandani, na majirani walikuwa wakipishana mlangoni kumjulia hali. Jumamosi saa tatu usiku alikuwa amelala, nami nikafikiri nisikilize kwa sauti ndogo kwenye sabufa niliyoazima kwa rafiki. Utangulizi ni mfupi na hauna kishindo, nikaona sauti haitoshi, nikaongeza. Nyimbo mbili zilizofuata zilipita vizuri. Nikaona kuna nafasi ya kwenda uani.

Wote mnaoujua wimbo wa nne, huohuo aliotaja kijana, mnajua kinachokuja. Katikati yake Emily anapiga ukelele mmoja unaodumu zaidi ya sekunde 10 bila kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa chooni, ng'ambo ya ua, mlango wa chumba changu uko wazi, na dirisha la bibi liko pembeni yake. Nilipousikia kutoka nje ndipo nilipotambua kwamba ule si mlio wa muziki kwa mtu asiyeujua. Ule ni ukelele wa mwanamke aliyefiwa.

Nilikimbia, lakini nilichelewa. Jirani wa kushoto alikuwa ameshaingia uani, kanga ameifunga kiunoni, naye ameanza kulia. Nyuma yake wakaja wanawake wawili wenye tochi. Mzee wa nyumba ya tatu, mtu ninayemheshimu kuliko wote mtaani, alinishika bega akaniuliza, "Ametutoka saa ngapi?" Mikono ilikuwa inanitetemeka kiasi kwamba sikuweza kubonyeza kitufe cha kuzima, nikachomoa waya ukutani. Ukimya ulioingia hapo ulikuwa mbaya kuliko ukelele wenyewe, kwa sababu wote waliuona kuwa ni jibu.

Na katikati ya ukimya huo mlango wa bibi ukafunguka. Akatoka kwa miguu yake, ameshika ukuta, akawatazama wote akauliza nani amekufa. Jirani aliketi chini palepale. Tayari mtu alikuwa amempigia shangazi yangu wa Kasulu, na ingawa tulipiga tena na tena kukanusha, simu yake haikupatikana usiku kucha. Alfajiri alishuka mlangoni na begi lake, macho yamevimba. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi asubuhi ile, na sikuzimaliza nyimbo saba zilizobaki mpaka Jumatano.

Binti Gungu

Subhanallah. Na bibi?

Fundi Spika

Acheni habari za albamu kwanza. Bibi alipona?

Mwalimu wa Kasulu

Ndugu yangu, pole sana. Hata hivyo nakulaumu. Nyumba yenye mgonjwa haipigwi sabufa.

Kijana wa Mwandiga

Mwalimu, ameshasema aliomba radhi nyumba kwa nyumba.

Abiria wa Kaliua

Poleni na huo msukosuko. Mimi ni wa Tabora, na yangu haina kilio, ila ina reli. Nilikuwa safarini kuja Kigoma kwa treni wiki hiyo, nikaanza kupakua albamu tulipokuwa stesheni ya Tabora. Mtandao ulikuwa mzito. Tulipoipita Kaliua nilikuwa nimepata nyimbo sita tu, kisha simu ikapoteza mnara kabisa, pori pande zote, na hakuna cha kufanya ila kurudia hizo sita. Wa sita ni huo "Casualty" anaousifu Mwalimu. Kwa hiyo kwa saa nzima na zaidi albamu yangu ilikuwa inaishia kwenye ghadhabu, halafu inarudi mwanzo, na nilishawishika kwamba hii ni bendi iliyorudi ili kugombana na dunia. Nilipokuwa naurudia kwa mara ya tano nilizisikia ngoma vizuri, nikakumbuka kwamba Rob Bourdon, mpiga ngoma wao wa zamani, hakurudi na anayepiga sasa ni Colin Brittain. Bourdon alikuwa anapiga kama mtu anayepanga matofali. Huyu anasukuma mbele, na kwenye behewa linalotikisika mtu anausikia msukumo huo hadi kwenye mbavu.

Nguruka mtandao ulirudi. Wauza samaki walikuwa dirishani, mama aliyekaa mbele yangu anapatana bei ya kambale, nami nimeinamia simu nikihesabu asilimia. Nilimaliza kupakua treni ikiwa inaanza kutembea. Nusu ya pili ilinibadilishia nusu ya kwanza yote. "Good Things Go" ulinikuta kabla ya Uvinza, jua linazama, na nikaelewa kwamba ile ghadhabu ilikuwa njiani kuelekea mahali fulani. Ningeyapata yote kwa mpigo nisingesikia hivyo.

Fundi Spika

Basi ushauri wangu kwa asiyeisikiliza bado ni kwamba aigawe mara mbili, kama abiria wetu.

Mwalimu wa Kasulu

Sikubaliani. Isikilizwe yote kwa kikao kimoja, kwa hedifoni, mchana.

Binti Gungu

Aanze na wa mwisho, ajue anakokwenda. Na kama ana mgonjwa ndani, wa nne auruke mpaka mgonjwa apone.

Kijana wa Mwandiga

Mimi naona aanze na "The Emptiness Machine", kwa sababu Mike anaimba ubeti wa kwanza na kiitikio peke yake, na Emily haingii mpaka ubeti wa pili. Msikilizaji anapewa muda wa kujiandaa.

Mwisho wa Reli

Kijana amenikumbusha jambo nililolisahau. Usiku ule walipoutoa kwa mara ya kwanza ilikuwa saa saba usiku kwa saa zetu, na rafiki yangu wa Katubuka, ambaye alikesha, aliniambia kwamba Mike alipoanza kuimba alidhani ndiye atakayeimba zote, akaridhika. Kisha Emily akafungua mdomo, naye akasimama kitandani. Nilimkemea siku hiyo. Leo namwomba radhi hapa, najua anasoma.

Mjukuu, hujatujibu kuhusu bibi.

Mjukuu wa Ujiji

Samahani, nilikuwa msikitini. Bibi alipona, na yuko hapa ukumbini anachambua dagaa ninapoandika. Ile Jumatano nilipomalizia nyimbo zilizobaki, nilizicheza chumbani kwake kwa simu, yeye mwenyewe aliniagiza, kwa sababu alitaka kumjua mwanamke aliyemwamsha. Nikamweleza kuhusu Chester, kwamba alijiua, na kwamba huyu ndiye aliyechukua nafasi yake. Aliniuliza kama marehemu aliacha watoto. Nikamwambia aliacha watoto sita. Alinyamaza muda mrefu, wimbo wa mwisho ukiwa katikati, kisha akaniambia nipunguze sauti, nisizime.