Kikundi cha ukoo: mwani wa Galway, Ireland

Mama: Asalaam alaikum. Mwanangu, kikohozi vipi? Nimekesha nakuombea.

Dada (Galway): Waalaikum salaam. Shikamoo mama. Alhamdulillahi, kimepungua. Bibi jirani kaniletea dawa, na dawa yenyewe ni mwani!

Shangazi Paje: Mwani huuhuu tunaoufunga kambani?

Dada (Galway): Ndugu yake, shangazi. Wanauita carrageen, unaota kwenye majabali ya pwani. Mbichi una rangi ya zambarau, ukianikwa unakuwa mweupe kama samli. Bibi huroweka konzi ndogo, huuchemsha na maziwa kwa moto mdogo mpaka yanashika kama uji, huchuja, hutia asali. Unateleza kooni, kifua kinatulia.

Kaka: Dada, ile karajinani, ute wa kushikisha vitu unaotolewa kwenye mwani wetu, unaotiwa hadi kwenye dawa ya meno, imepata jina kutokana na mwani huo!

Shangazi Paje: Allah! Miaka yote nauza kwa kilo, sijaonja hata kikombe.

Mjomba: Huyo bibi asije akakutilia na mambo ya kiganga.

Dada (Galway): Hapana mjomba, ni mtu wa kanisa. Ila waganga walikuwepo. Bi Biddy Early wa jimbo la Clare, aliyefariki 1874, walisema anaona mambo ndani ya chupa yake ya buluu. Mapadri waliwakataza watu, lakini wakaenda kwake hata hivyo. 1865 akashitakiwa mjini Ennis kwa sheria ya uchawi. Mashahidi hawakuthubutu kusema, akaachiwa.

Kaka: Na majini?

Dada (Galway): Huwaita “watu wema”, wasije wakaudhika. Mti wa miiba uliosimama peke yake shambani ni wao, haukatwi. Mwezi wa tano nilileta ndani tawi lake lenye maua meupe. Bibi alilichukua akalitoa nje mwenyewe, mikono inamtetemeka. Nililia. Sikujua.

Mjomba: Ni imani zao tu.

Dada (Galway): Lakini wanazitunza, mjomba. 1999 barabara kuu ilitaka kupita juu ya mti kama huo pale Latoon, hukohuko Clare. Msimuliaji Eddie Lenihan alipaza sauti mpaka ramani ikarekebishwa. Mti ukabaki.

Shangazi Paje: Wamefanya vizuri. Hata mbuyu haukatwi ovyo.

Mama: Nieleze, konzi moja kwa maziwa kiasi gani? Na daktari usimwache.

Dada (Galway): Nusu lita, mama. Kwa daktari naenda Jumatatu.