MREJESHO: Unga wa mkate uliogoma kuumuka

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini unga wangu wa mkate hauumuki tangu Juni ianze, wakati hamira ni ileile niliyotumia Machi bila shida. Wengi mlisema imekufa. Haikufa. Niliijaribu kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Dakika kumi tu, povu likajaa kikombe.

Kumbe ni baridi. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo huu wa kipupwe unaingia hadi jikoni. Hamira ikipata baridi huwa inazubaa. Aliyeniambia nianike bakuli juani aliniponza (bila ubaya, ndugu): upepo uliukausha unga juu, ukafanya gome. Kilichofaa ni sufuria ya maji ya moto chini, bakuli lenye mfuniko juu yake, halafu blanketi. Saa moja na nusu, unga umefura hadi unasukuma mfuniko. Nikaoka kwa mkaa mchache chini, mwingi juu. Safari ijayo natia zabibu kavu.

Blanketi lenyewe nalishona mwenyewe kwa vipande vya vitenge nilivyoomba kwa fundi cherehani. Nimefika nusu, na mistari imepinda vibaya. Mama mkwe alilikagua akasema, "Mwanangu, hili limelewa." Kisha akajifunika nalo. Mpaka leo hajalirudisha.