Wawili na mabegi mgongoni, Cairns hadi Sydney: basi, gari la kulalia au treni?

Binti_Pangani

Wakuu, habari za humu. Mimi na mume wangu tunajipanga kushuka pwani ya mashariki ya Australia, kuanzia Cairns hadi Sydney, kwa wiki tatu, mwishoni mwa Agosti kuingia Septemba. Tiketi za ndege tumeshazitengea fungu lake. Zinabaki dola 5,000 za Australia kwa wote wawili: kulala, kula, usafiri na matembezi. Anasa hatuitaki, tunataka bahari.

Mpaka sasa tuna njia tatu. Ya kwanza, tiketi ya mabasi ya Greyhound ya kupanda na kushuka bila kikomo, huku tukilala hosteli. Ya pili, kukodi gari dogo lenye kitanda ndani na jiko nyuma. Ya tatu, treni. Mume wangu moyo wake uko kwenye gari, mimi naegemea basi. Halafu kuna rafiki yetu anasema tuachane kabisa na mashariki, twende magharibi, Perth hadi Exmouth. Mliopita huko tusaidieni, na tafadhali tupeni hesabu kamili. Jibu la "inategemea" tumeshalisikia sana.

Msukani

Shemeji kasema kweli, chukueni gari. Ila hesabu ya gari msiisome kwenye bei ya siku peke yake. Gari dogo la watu wawili tuliweke dola 100 kwa siku. Cairns hadi Sydney kwa barabara ya pwani ni kama kilomita 2,600, na ukiongeza kuingia na kutoka kwenye fukwe weka 3,200. Magari haya yanakula lita 10 au 11 kwa kilomita 100, na lita ya petroli inazungukia dola 2. Hapo mafuta tu ni karibu dola 700. Juu yake kuna ada ya kulirudishia gari mji mwingine, na kuna bima ya ziada. Ukiikataa bima hiyo, ajali ikitokea unaweza kudaiwa maelfu ya dola kabla kampuni haijatoa senti yake.

Lakini hilo gari ndiyo nyumba yenu. Basi mnalipia watu wawili, kitanda mnalipia watu wawili. Gari mnalipia moja. Msafiri wa peke yake aende na basi, ninyi mko wawili na faida yenu iko hapo.

Leseni ya Tanzania imeandikwa Kiingereza, kwa mtalii inakubalika, na wao wanaendesha kushoto kama sisi. Jua likizama egesheni. Kangaruu wanatoka jioni na alfajiri, na kampuni nyingi za kukodisha zinakataza kuendesha usiku nje ya miji.

Mama_Logan

Karibuni sana wanangu. Mimi naishi Logan, hapa kusini mwa Brisbane, na Kiswahili kinasikika sana mitaani kwetu kwa sababu ya ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Wageni wangu wengi nimewapokea wakiwa wamechoka na mfuko umetoboka, na chanzo mara nyingi ni gari.

Nisikilizeni vizuri. Uzuri wa jimbo letu la Queensland uko majini, hauko barabarani. Hesabuni mnachokwenda kuona: miamba ya matumbawe kutoka Cairns, Kisiwa cha Magnetic kutoka Townsville, visiwa vya Whitsunday kutoka Airlie Beach, K'gari kutoka Hervey Bay. Vyote mnavifuata kwa boti. Mkiwa na gari linalala bandarini mnalilipia siku nzima, na wakati mwingine mnalipia na maegesho, ninyi mko kwenye boti mmelipa tiketi nyingine. K'gari, kile kisiwa kilichokuwa kikiitwa Fraser mpaka 2023, ni mchanga mtupu. Ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani cha mchanga, na gari la kawaida haliingii humo, ni yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne na yenye kibali.

Magnetic mpeni siku mbili kamili. Feri kutoka Townsville haifiki nusu saa, kuna basi la kisiwa, na zaidi ya nusu ya kisiwa ni hifadhi ya taifa. Njia ya miguu inayopanda hadi kwenye ngome za Vita Kuu ya Pili ndipo watu wanapowaona koala, mchana wamelala kwenye panda za mikalitusi. Kuwatazama hulipi chochote.

Basi linawafaa hasa kwenye ile safari ndefu. Airlie Beach hadi Hervey Bay ni zaidi ya kilomita 800. Pandeni jioni, mlale ndani, mmeokoa pesa za chumba.

Halafu hili wageni wengi hawalijui: tangu Agosti 2024 nauli za usafiri wa umma Queensland ni senti 50 kwa safari, treni, basi na boti za mtoni. Brisbane hadi Surfers Paradise mnapanda treni mpaka Helensvale kisha tramu, senti 50. Kwenda Noosa vilevile. Isipokuwa treni ya uwanja wa ndege, hiyo ina bei yake. Kwa hiyo kuanzia Noosa hadi Coolangatta, mpakani na New South Wales, gari la kukodi ni kutupa pesa.

Binti_Pangani

Mama, shikamoo na asante sana. Ya senti 50 sikuwahi kuisikia.

Swali kwa wote: hosteli za huko bweni ni vitanda vingapi? Mume wangu kulala chumba kimoja na watu wanane hataki hata kusikia, na mimi simlaumu. Vyumba vya wawili nimeviona dola 110, vingine 150 kwa usiku. Tukilala hivyo wiki tatu, si bora gari?

Chaza

Mabweni ni ya wanne, sita, nane, hata kumi na zaidi. Kitanda dola 35 hadi 60 kutegemea mji na siku, na Byron Bay ni ghali kuliko wenzake. Kwa hiyo vitanda viwili ni kama dola 90, chumba chenu ni kama 120. Tofauti ni 30 hivi. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunachanganya: bweni la wanne tunapokuwa njiani, chumba chetu tunapokaa zaidi ya siku mbili. Na mkiona bei za Septemba mwishoni zimepaa ghafla msishangae, shule zinafunga na Waaustralia wenyewe wanahamia pwani. Malizeni safari kabla ya hapo.

Msukani

Mama Logan, kwa upande wa kaskazini nakubaliana nawe, umesema kweli tupu. Lakini New South Wales hali inageuka. Barabara kuu inapita ndani, fukwe nzuri ziko pembeni. Crescent Head na Seal Rocks, hizo zote zinataka kuacha barabara kuu, na basi la masafa marefu haliwaingizii huko. Ndiko gari linakolipa.

Kwa hiyo Binti, pendekezo langu jipya: basi Cairns hadi Brisbane, kisha gari Brisbane hadi Sydney, kama kilomita 920, weka 1,200 na mizunguko. Siku sita za gari ni dola 600, mafuta 250, bima na ada nyingine, pamoja na kambi, weka 400. Kuna pia magari ambayo kampuni zinataka yarudishwe mji fulani, mnalipa hata dola 1 kwa siku. Tafuteni kwenye tovuti za Imoova au Transfercar. Ubaya wake ni kwamba siku wanazowapa ni chache na tarehe ni zao, kwa hiyo msiijengee safari nzima juu yake.

Kulala bure pembeni ya ufukwe mjini msijaribu. Byron wanapita usiku wakigonga vioo na faini ni kubwa. Programu ya WikiCamps inaonyesha kambi za bure na za bei ndogo. Barabara za kulipia za Brisbane na Sydney hazina kibanda cha kulipia, kamera inasoma namba ya gari. Ulizeni mapema ofisi inayowakodisha inalipwaje, kwa sababu huongeza ada yao juu ya kila ushuru.

Nahodha_wa_Kisauni

Treni mbona mmeiruka? Spirit of Queensland kutoka Cairns hadi Brisbane ni kilomita 1,681, karibu siku nzima na usiku wake, na inasimama Townsville, Proserpine kwa wanaokwenda Airlie Beach, na Maryborough West kwa wanaokwenda Hervey Bay. Viti ni vipana kuliko vya basi. Kasoro yake haiendi kila siku, na kwa tiketi ya kawaida ukishuka kituo kimoja unanunua tena tiketi ya mbele. Kwa anayeshuka kila mahali, basi linashinda. Kwa anayetaka kuvuka kipande kirefu mara moja, mimi ningechagua treni.

Brisbane hadi Sydney ipo nyingine, takriban saa 14, inapita Coffs Harbour ambako kituo kiko hatua chache kutoka ufukweni. Mkiogopa gari, vunjeni safari hapo mlale usiku mmoja.

Halafu visa. Pasipoti zetu za Afrika Mashariki hazimo kwenye mpango wa visa ya likizo na kazi, kwa hiyo mnaomba ya utalii, daraja la 600, na kufanya kazi hairuhusiwi. Mtakaosoma habari zao mitandaoni, wale wanaochuma matunda ili waendelee na safari, wana visa nyingine. Msipange bajeti kwa kuwatazama wao. Bima ya afya ya safari nunueni kabla ya kuondoka, hospitali za kule mgeni asiye na mkataba wa nchi yake analipa mwenyewe.

Potwe_wa_Mafia

Kuhusu magharibi: rafiki yenu hajakosea kwa uzuri. Ningaloo, huko Exmouth, ndiyo miamba ambayo unatembea kutoka mchangani, unavaa miwani na mrija, na baada ya mita chache umeshafika kwenye matumbawe. Hulipi boti. Kule Cairns lazima boti. Lakini Perth hadi Exmouth ni zaidi ya kilomita 1,200, vituo vya mafuta vimeachana mno na bei yake inapanda kadiri unavyokwenda kaskazini. Mabasi ni machache. Huko bila gari ni mateso.

Na kama kinachowavuta ni papa potwe, Ningaloo msimu wake ni Machi hadi Julai, ninyi mnafika umeshakwisha, na safari moja ya boti kule inakula mamia ya dola kwa kichwa. Potwe wako hapa Kilindoni kuanzia Oktoba. Njooni Mafia. Australia mfuate nyangumi, maana mwezi wenu ndio wenyewe: Hervey Bay kati ya Agosti na Septemba nyangumi wanaingia ghubani na watoto wao kupumzika.

Chaza

Chakula hakuna aliyegusa. Australia mgahawa ndio unaomaliza pesa, na mnaweza kuukwepa karibu kabisa. Kwenye bustani nyingi za ufukweni kuna majiko ya umma ya umeme, bamba la chuma limejengewa kwenye meza ya matofali. Unabonyeza kitufe, taa inawaka, baada ya dakika chache bamba linachemka, likizima unabonyeza tena. Mengi ni bure. Sisi tulikuwa tunanunua kuku, vitunguu na ndimu kwenye duka la Aldi, tunachoma jua linapozama, na watu wa meza ya pili wanauliza tumeweka viungo gani. Ukimaliza unapangusa bamba kwa anayekuja nyuma yako, ndiyo desturi yao. Kwa mpango huo, wawili mnakula kwa dola 35 kwa siku bila kujinyima, na maji ya bomba yananyweka.

Kuogelea: mwezi wenu yavuyavu wale wa sumu bado, msimu wao ni Novemba hadi Mei. Mamba lakini wapo mwaka mzima kuanzia Gladstone kwenda juu, kwenye midomo ya mito na vijito vya mikoko. Bango la mamba likisimama, usiingize hata mguu. Cairns na Airlie Beach kuna mabwawa makubwa ya bure kando ya bahari, mtaogelea humo kwa amani. Kusini tatizo ni mikondo inayovuta mtu kwenda kilindini, ogeleeni kati ya bendera nyekundu na njano tu, ndipo waokoaji wanapoangalia.

Binti_Pangani

Mmetufungua macho. Tumekaa na mume wangu jana, tumefikia hivi: tunaingia Cairns wiki ya mwisho ya Agosti, basi la tiketi ya siku 15 tukishukia Townsville, Airlie Beach na Hervey Bay hadi Brisbane. Hapo siku tatu za senti 50, na Mama akituruhusu tupite kumsalimu. Kisha gari la siku sita hadi Sydney kabla shule hazijafunga. Whitsunday ya kulala kwenye boti tumeiacha, tutachukua ya siku moja. Pesa ya boti tumeipeleka K'gari na kwenye nyangumi.

La mwisho: natamani kubeba viungo vya pilau, pilipili ya kusaga na dagaa wa kukaanga. Uwanja wa ndege wataniruhusu?

Mama_Logan

Kupita mtapita, na mtalala kwangu, hiyo ya hosteli Brisbane ifuteni kwenye bajeti.

Viungo: kwenye kadi ya kuingilia nchini weka "ndiyo" kwenye kila swali la chakula, halafu waonyeshe mwenyewe. Ukitangaza, baya kabisa litakalotokea ni wao kukinyang'anya na kukitupa. Usipotangaza ni faini, na visa inaweza kufutwa hapohapo uwanjani. Vya kusagwa na kufungwa vizuri vyenye lebo ya dukani vina nafasi nzuri ya kupita, mbegu nzima nzima waachieni nyumbani. Dagaa usihangaike nao. Njoo na hamu tu, iliki na mdalasini ninavyo vya kutosha.