Nyumba moja: mdogo amevimba miguu, dada yake ana kilo 64. Tuanzie wapi?

Relai_Kadutu
Wapendwa, naomba msaada wa wanaojua lishe. Katika nyumba moja huku Kadutu, Bukavu, kuna watoto wawili. Mdogo ana miezi 20, utepe wa mkono umesoma milimita 118, yaani manjano (utapiamlo wa wastani). Mama anasema ameanza kunenepa kwa kuwa mashavu na miguu vimejaa, lakini nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, na mtoto hachezi. Dada yake ana miaka 13, kilo 64, urefu mita 1,52. Nyumbani wanakula fufu ya muhogo na sombe (majani ya muhogo), samaki mara chache. Masomoni msichana ananunua mandazi na sukre (soda) kila siku. Je, mdogo nimpeleke UNS (kituo cha utapiamlo wa wastani)? Na huyu mkubwa, ni unene wa balehe tu?

Muuguzi_Lishe
Ndugu, usiishie kwenye rangi ya utepe. Mbonyeze mtoto leo hii. Weka dole gumba moja juu ya kila mguu, bonyeza yote pamoja, hesabu polepole hadi tatu, kisha achia. Vishimo vikibaki miguu yote miwili, ni bwaki (kwashiorkor). Kikibaki mguu mmoja tu, tafuta sababu nyingine, kama jeraha.

Bwaki ni utapiamlo mkali hata utepe ukisoma kijani, kwa sababu maji yaliyojaa mwilini yanaongeza kilo na kumfanya mtoto aonekane ameshiba. Mama wengi wanapotelea hapo: wanafurahia mashavu, kumbe ni maji. Kwa hiyo si UNS, ni UNTA (kituo cha utapiamlo mkali bila kulazwa), na iwe siku hiyohiyo. Watampa pakiti ya chakula cha tiba ale mbele yao. Uvimbe ukiwa haujafika usoni na anakula vizuri, atatibiwa akiwa nyumbani na kurudi kila wiki. Ukifika usoni, au akikataa kula, akitapika kila kitu, akiwa na homa kali au amelegea, ni kulazwa UNTI (wodi ya utapiamlo mkali). Hayo mashavu anayosema mama yananitia hofu.

Msimpe dawa ya kukojoza mkidhani itatoa maji, inaweza kumuua. Na mwambieni mama mapema kwamba mwanzoni kilo zitashuka, maana maji yanatoka. Asipojua, atasema matibabu yanamkondesha mtoto na ataacha.

Lishe_Ibanda
Mimi niseme ya msichana. Zidisha urefu kwa urefu, kisha gawanya kilo kwa jibu hilo, upate BMI (uzito ukilinganishwa na urefu): 64 kwa 2,31 ni 27,7. Vipimo vya watu wazima (25 na 30) msivitumie kwake. Kwa chati za OMS (Shirika la Afya Duniani) za 2007, msichana wa miaka 13 kamili akipita 21,8 amezidi uzito. Akipita 26,2 ni unene wa kupindukia. Balehe haielezi hiyo. Lakini mpime tena kwanza: mizani juu ya saruji iliyo sawa, bila viatu wala sweta. Kama misuko imerundikwa juu ya kichwa, ifunguliwe, maana inaongeza sentimita za uongo na kuficha unene.

Msimnyime chakula. Bado anarefuka; tunataka kilo zisimame huku urefu ukipanda. Anzeni na sukre: chupa ya kola ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo saba. Anywe maji. Badala ya mandazi, karanga za kuchemsha au ndizi. Kwenye sahani fufu iwe robo, majani nusu, na robo iliyobaki maharagi au sambaza (samaki wadogo wa ziwani). Sombe ikiwa na mawese mengi, chota majani, acha mafuta. Atembee au aruke kamba, jumla saa moja kwa siku. Vilima vya Bukavu vinatosha asipopanda pikipiki.

Tazameni pia ndani ya kope: zikiwa zimepauka, huenda hana damu ya kutosha. Mnene anaweza kukosa madini ya chuma sawa na mwembamba. Ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na nene, apimwe sukari ya damu. Na jamani, asiitwe kibonge. Akiaibishwa atakula kwa kujificha.

Relai_Kadutu
Asanteni sana. Vishimo vimebaki miguu yote. Wanaondoka sasa hivi. Mama anauliza: ndugu zake wanaweza kuonja pakiti? Na uji wa masoso (unga wa mahindi, mtama na soya) aanze lini?

Muuguzi_Lishe
Wasionje. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500, na idadi imehesabiwa kwa kilo za mtoto huyo. Wakigawana, yeye anakwama.

Mama_Masoso
Masoso hayatibu bwaki. Yangojee hadi muuguzi aruhusu. Vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soya. Wengi wanakosea kwenye soya: ikiwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ioshe, ikauke, uikaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi iwe kahawia na maganda yaachie yenyewe, ndipo isagwe. Uji ukolee, ukiinamisha kijiko udondoke polepole. Ule unaotiririka ni maji yenye rangi. Ukiepua, ongeza kijiko cha sambaza kavu zilizotwangwa na miiba yake, bila chumvi. Unga ukinuka ukungu, utupe, hata kama ni mwingi. Kuchemsha hakuondoi sumu ya ukungu.