Naomba ushauri: ndege zangu kwenye Hearts of Iron IV

Wakuu, habari zenu. Wanaocheza Hearts of Iron IV, ile gemu ya kompyuta ya Vita vya Pili vya Dunia, nisaidieni upande wa anga. Vita vya ardhini navimudu, ila nikiwa Ujerumani na kuivamia Urusi 1941, ndege zangu zinapwaya.

Shida naiona kwenye masafa. Kanda za anga za kule mashariki ni kubwa mno. Faita (ndege za kupambana na ndege za adui) zikirukia Poland zinafikia kipande tu cha kanda, na ufanisi wa misheni unashuka vibaya. Nikizisogeza mbele, kiwanja cha ndege cha ngazi ya 1 kinabeba ndege 200 tu, zikizidi zinabanana na ufanisi unashuka tena. Zile za kusaidia askari nazo haziwasaidii mpaka mapigano ya ardhini yaanze, na zikikosa faita za kuzilinda zinachinjwa kama kuku.

Je, nianze na viwanja, au niongeze matangi ya mafuta kwenye ndege hata yakila nafasi na uzito? Kwa kila faita 100 mnaweka ngapi za kushambulia ardhini? Na mwenye njia ya kujinoa bila kuanza kampeni nzima upya aniambie. (Ushauri wa kupunguza ugumu wa gemu nimeshaupata, asanteni.)